Nani Atanidhamini? Historia ya Kibali cha Kazi cha Nesi Uingereza

Najua nimekuwa kimya, mnisamehe, shifti za usiku zimenibana. Leo niko mapumziko, nimesonga ugali wangu na dagaa wa Mwanza niliotumiwa na wifi, nimeshiba, na nimeona nilipe deni moja.

Deni lenyewe ni hili. Mtoto wa mama mdogo yuko mwaka wa mwisho wa digrii ya uuguzi hapa hapa Uingereza. Juzi kanipigia simu saa tano usiku, analia. Ameomba kazi hospitali kumi na moja. Saba hazikujibu kabisa. Tatu zimemwambia hazidhamini viza. Moja ilimwita kwenye usaili, mambo yakaenda vizuri, mpaka walipomwuliza makaratasi yake yakoje. Anasema aliona nyuso zikibadilika. Akaniuliza, "Dada, nina kasoro gani mimi?"

Nilimwambia hana kasoro, akalale. Lakini mtu anayelia hatoshwi na jibu la haraka. Nimekaa siku mbili nikilifikiria swali lake, nikaona jibu lake la kweli ni refu kidogo, na limeanza kabla hata bibi yetu hajazaliwa. Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine wote mliopo vyuoni mnaojiuliza swali hilo hilo, haya ndiyo majibu yangu.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wanadhani udhamini wa viza ni kitu kipya kilichokuja na kompyuta. Hapana. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliweka amri kwamba mgeni kutoka nje ya himaya yake haruhusiwi kuja kufanya kazi mpaka mwajiri amwombee kibali Wizara ya Kazi. Hebu soma tena hapo: mwajiri amwombee. Siyo mgeni ajiombee mwenyewe. Mbegu ilipandwa hapo, na miaka mia na zaidi baadaye bado tunakula matunda yake.

Ila kwa watu wa makoloni kama Jamaica na Barbados mambo yalikuwa tofauti. Sheria ya uraia ya mwaka 1948 iliwahesabu kuwa raia wa Uingereza na makoloni yake, wakawa wanaingia bila kibali. Mwaka huo huo meli ya Windrush ilitia nanga Tilbury mwezi Juni, na tarehe 5 Julai ikaanza NHS, huduma ya afya ya taifa ambayo wengi wetu tunaifanyia kazi. Hospitali zilikuwa nyingi na manesi hawatoshi. Kuanzia mwaka 1949 serikali ikaanza kutafuta watu huko Karibi, na baadaye wakaja mabinti wa sehemu nyingine za Jumuiya ya Madola.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikufundishwa chuoni. Enzi hizo mwanafunzi wa uuguzi alikuwa mwajiriwa wa hospitali. Hospitali ilimpa chumba kwenye nyumba ya manesi, sare, chakula na posho kidogo, naye alifanya kazi wodini huku anasoma. Swali la "nikimaliza nani ataniajiri?" halikuwa na uzito, maana aliyekufundisha ndiye aliyekuwa anakuhitaji. Shule na ajira vilikaa chini ya paa moja.

Nisije nikawapaka sukari wazee hao. Hawakuwa wanafaidi. Wengi wa mabinti weusi walisukumwa kwenye mafunzo ya miaka miwili ya nesi wa daraja la chini badala ya yale ya miaka mitatu ya nesi kamili. Wengine hawakuambiwa tofauti. Walikuja kugundua baadaye kwamba cheti kile hakiwapandishi cheo, na nchi nyingi walikotoka hazikitambui. Kwa hiyo hata mlango ulipokuwa wazi, aliyeingia alionyeshwa kiti cha nyuma.

Mlango wenyewe haukukaa wazi muda mrefu. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya wahamiaji wa Jumuiya ya Madola, ikaanza kutumika Julai. Kuanzia hapo raia wa nchi hizo aliyetaka kuja kufanya kazi alihitaji vocha, na vocha zilikuwa za aina tatu. A ilikuwa ya mtu mwenye kazi tayari kwa mwajiri anayejulikana. B ilikuwa ya mtu mwenye ujuzi unaohitajika, na manesi walikuwa humo. C ilikuwa ya wengine wote. Mwaka 1965 serikali ikafuta C na kupunguza vocha mpaka 8,500 kwa mwaka, kwa Jumuiya ya Madola nzima. Mwaka 1968 wakabana tena, safari hii kwa haraka ya siku chache tu, ili kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza. Halafu sheria ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, ikafuta vocha na kuleta kibali cha kazi kwa wote: mwajiri mmoja, mtu mmoja, kazi moja.

Ukitazama vizuri utaona ile vocha A ndiyo bibi yake hiki cheti cha udhamini tunachokihangaikia leo. Jina limebadilika mara nyingi, damu ni ile ile.

Kilichofuata kwa wanafunzi kilikuja polepole, na kwa maoni yangu ndicho kilichotuumiza sisi zaidi kuliko sheria zote za uhamiaji. Kwanza, kuanzia mwaka wa masomo wa 1980, serikali ya Thatcher iliamua wanafunzi wa vyuo kutoka ng'ambo walipe gharama zote za masomo. Pili, kuanzia mwaka 1989, mafunzo ya uuguzi yalianza kuhamishwa kutoka hospitalini kwenda vyuoni kwa mpango ulioitwa Project 2000. Mwanafunzi akaacha kuwa mwajiriwa. Mwaka 2013 England ikakamilisha safari hiyo, ikawa anayetaka kuanza kusomea unesi lazima asomee digrii.

Kitaaluma ni jambo jema, na mimi mwenyewe najivunia digrii yangu. Lakini kwa mgeni maana yake ilikuwa hii: yule binti wa 1955 alilipwa kwa kujifunza, na mimi nililipa. Baba aliuza kiwanja cha Kibaha. Na paa lile moja likavunjika vipande viwili. Chuo kinakudhamini viza ya mwanafunzi kwa sababu unalipa ada, kikishakupa cheti kimemalizana na wewe. Hospitali uliyofanyia mazoezi miaka mitatu, ukawaogesha wagonjwa wao na kuwafariji ndugu wa marehemu wao, haina deni lolote kwako. Hapo katikati ya vipande viwili ndipo anapoanguka mhitimu wa kigeni. Mdogo wangu, hapo ndipo ulipo sasa hivi.

Haya, tuendelee. Mwaka 2000 serikali ya Blair ilitoa mpango mkubwa wa NHS na kuahidi manesi 20,000 zaidi ifikapo 2004. Manesi 20,000 hawaoti kwa mvua ya siku moja, kwa hiyo wakaenda kuwatafuta nje. Unesi ukawekwa kwenye orodha ya kazi zenye upungufu na vibali vikatoka kama karanga. Mwaka 2001/02 pekee zaidi ya manesi 15,000 kutoka nje ya Ulaya waliandikishwa. Ufilipino, India, Afrika Kusini, Zimbabwe, Nigeria, kote walichota. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Nelson Mandela alikuwa ameshaiomba Uingereza iache kuwachukua manesi wa nchi yake. Mwaka 1999 ikatolewa miongozo, na mwaka 2001 kanuni za maadili ya kuajiri, kwamba NHS isiende kukomba wafanyakazi wa afya wa nchi zinazoendelea bila makubaliano na serikali zao.

Dada zetu waliokuja kipindi hicho wanakisimulia kama harusi. Lakini harusi iliisha ghafla. Kufika mwaka 2006 hospitali nyingi zilikuwa na madeni, nafasi zikafungwa, na wahitimu wa humu humu wakawa wanazunguka na vyeti mkononi. Mwaka huo huo serikali ikawatoa manesi wa bendi ya 5 na ya 6 kwenye orodha ya upungufu. Mwajiri akatakiwa kwanza athibitishe kwamba hakupata Mwingereza wala mtu wa Umoja wa Ulaya. Nesi yule yule aliyebembelezwa mwaka 2002 aje, mwaka 2006 alikuwa hatakiwi. Je, alikuwa amepungukiwa nini katika miaka minne? Hakupungukiwa kitu. Kilichopungua ni hela za hospitali.

Ndiyo maana nikakwambia jibu ni historia.

Kwa wahitimu wa vyuo nako mlango ulikuwa unafunguka na kufunga. Mei 2007 ulikuja mpango wa kuwapa wahitimu wa kigeni mwaka mmoja wa kufanya kazi bila mdhamini. Mwaka 2008 ukaja mfumo wa pointi na wahitimu wakapewa miaka miwili. Mwaka huo huo, Novemba, ikaanza Tier 2, na ndipo likazaliwa daftari la waajiri wenye leseni ya kudhamini: asiyekuwamo humo, hata akupende vipi, hawezi kukuajiri kwa viza hiyo. Kisha Aprili 2012 ile miaka miwili ya wahitimu ikafutwa. Ukimaliza digrii unakuwa na miezi minne kupata mwajiri mwenye leseni, la sivyo unafunga mabegi.

Mimi niliangukia kwenye miezi minne hiyo. Nilimaliza Septemba 2018. Kwa kweli nilikuwa na bahati kuliko waliotangulia, maana Oktoba 2015 manesi walirudishwa kwenye orodha ya upungufu, na Julai 2018 madaktari na manesi waliondolewa kwenye ukomo wa viza 20,700 kwa mwaka. Mshahara wa kuanzia wa bendi ya 5 ulikuwa pauni 23,023 na sheria ilitaka 20,800. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa.

Hospitali niliyofanyia mazoezi ya mwisho ilinipenda. Msimamizi wa wodi alinipigania mwenyewe. Nikafanya usaili, nikapita, nikampigia mama simu, wakafanya maombi ya shukrani kanisani. Wiki tatu baadaye ofisi ya utumishi ikaniandikia kwamba wamenyang'anya ile nafasi, eti vyeti vya udhamini vimefika ukomo. Nikashangaa. Ukomo ule haukuwahi kumhusu mwanafunzi anayebadilisha viza akiwa ndani ya nchi, na kwa manesi ulikuwa umeshaondolewa kabisa! Nikachapa mwongozo wa Home Office, nikapiga mstari wa kalamu nyekundu, nikaupeleka mkononi. Yule mama aliusoma kwa adabu zote, akanirudishia, akasema, "Nakuelewa, lakini utaratibu wetu ndio huo."

Niliteremka ngazi zile nikiwa sioni vizuri kwa machozi. Kila simu ya nyumbani ikiita nilikuwa naogopa kuipokea. Ungewaambiaje watu waliokwisha kutoa sadaka ya shukrani? Na kile kiwanja kilikuwa tayari kina nyumba ya mtu mwingine.

Nilipata kazi mji mwingine kabisa, saa tatu kwa treni, kwenye hospitali ambayo sikuwahi kuisikia. Waliniuliza swali moja tu la viza: "Inaisha lini?" Cheti cha udhamini kilitoka Desemba na nikatuma maombi zikiwa zimebaki wiki mbili. Nesi ni yule yule, digrii ile ile, sheria zile zile. Tofauti ilikuwa kwamba hospitali ya pili ilikuwa na vitanda vingi kuliko manesi, na ofisi yake ilikuwa imeshazoea kujaza fomu zile.

Baada ya hapo mambo yalilegea. Agosti 2020, wakati wa korona, ilianzishwa viza ya wafanyakazi wa afya yenye ada nafuu. Desemba 2020 ile sheria ya kumtafuta kwanza Mwingereza ikaondolewa pamoja na ukomo. Tarehe 1 Julai 2021 wahitimu wakarudishiwa miaka yao miwili. Ilikuwa harusi nyingine, na hospitali zikajaza ndege tena.

Na sasa? Sasa tumefika kwenye mwaka 2006 mwingine. Aprili 2024 kiwango cha jumla cha mshahara wa viza ya kazi kilipandishwa kutoka pauni 26,200 mpaka 38,700, na Julai 2025 kikafika 41,700. Manesi wanaolipwa kwa ngazi za NHS wana kiwango chao cha chini zaidi, kwa hiyo tumepona hapo. Julai hiyo hiyo mlango wa kuleta watunza wazee kutoka nje ulifungwa. Hospitali zinabana matumizi, na manesi walioajiriwa wakati ule wa korona wamejaza nafasi. Hali ilifika mahali Agosti 2025 serikali ikalazimika kuwaahidi wahitimu wapya wa uuguzi na ukunga England kwamba zitatengenezwa nafasi za kuwatosha, kwa sababu hata watoto wa hapa walikuwa wanakosa. Na ile viza ya mhitimu, anayeiomba kabla ya tarehe 1 Januari 2027 anapata miaka miwili. Kuanzia siku hiyo ni miezi 18, isipokuwa wenye shahada ya udaktari wa falsafa.

Kwa hiyo mdogo wangu, ulipoona nyuso zinabadilika kwenye ule usaili, hawakuwa wanakutazama wewe. Walikuwa wanapiga hesabu ya leseni, cheti, na nafasi ngapi wamebakiwa nazo. Nchi hii haijawahi kuuliza "huyu ni nesi mzuri?" inapotoa kibali. Inauliza "tumepungukiwa wangapi mwaka huu?" Ukilielewa hilo utaacha kujilaumu, na utaanza kufanya kazi kwa akili.

Akili yenyewe ni hii, kwa uzoefu wangu.

Kwanza, soma lile daftari la wenye leseni kabla ya kuandika barua hata moja. Liko wazi kwa kila mtu. Usipoteze machozi kwa asiyekuwamo.

Pili, acha kung'ang'ania London na miji mikubwa. Kila mhitimu anaomba huko. Nenda kwenye hospitali za pwani, za vijijini, za wagonjwa wa akili, nyumba za wazee zenye manesi. Upungufu hauko sawa kila mahali, na kibali hufuata upungufu.

Tatu, viza ya mhitimu isikulevye. Inakuwezesha kuanza kazi bila mwajiri kulipia udhamini, ndiyo maana wengine watakupokea kwa furaha. Lakini siku ya kwanza ya kazi uliza, na ujibiwe kwa maandishi: ikiisha, mtanidhamini? Nimewaona wenzetu wanafanya shifti za wakala huku na huku, wanatuma hela nyumbani, wanastuka imebaki miezi miwili.

Nne, kuna ofisi zinazoona neno Tanzania zinaogopa kwa sababu nchi yetu iko kwenye orodha nyekundu ya kanuni zile za maadili. Waeleze kwa upole. Orodha inakataza hospitali na mawakala kwenda kuwinda manesi kwetu. Haimkatazi nesi aliyeomba kazi mwenyewe, seuze wewe uliyesomea hapa hapa.

Tano, ada ya ujuzi iliyoanza kutozwa Aprili 2017, pale inapodaiwa, ni ya mwajiri. Sheria haimruhusu akukate wewe. Anayekwambia ulipe pauni elfu kadhaa ili "akuuzie" cheti cha udhamini ni mwizi, hata akiwa Mtanzania mwenzako, hata akiwa mnasali naye.

Na ukishaipata, kumbuka umefungwa. Ukitaka kuhama mwajiri unahitaji cheti kipya na maombi mapya. Ukipoteza kazi, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mwingine. Mwajiri mbaya analijua hilo. Kwa hiyo jiunge na chama cha wafanyakazi wiki ya kwanza, kabla hujahitaji msaada wao.

Kuna swali moja limebaki na sitaki kulikwepa. Hiyo orodha nyekundu ipo kwa sababu kwetu manesi hawatoshi. Nilipokwenda likizo nilimsindikiza shangazi hospitali ya wilaya, nikamkuta nesi mmoja peke yake na wodi nzima ya wazazi. Alipojua kazi yangu alinitazama bila kusema kitu. Sina jibu zuri la mtazamo ule. Nililipa ada yangu kwa kiwanja cha baba na sidaiwi na serikali yoyote, lakini mtazamo ule nimerudi nao. Nchi hii inatuhesabu inapopungukiwa. Kwetu wamepungukiwa kila siku, na hakuna anayetuhesabu.

Basi, mdogo wangu, kesho jioni nipigie, tukae kwenye simu tuandike upya maombi yako. Tutaanza na hospitali zenye treni mbaya na vitanda vingi. Kula kwanza, usiombe kazi na njaa.

Wasalaam.